Ua Letu, Jina la Baroni

Jirani yangu hapa Navakholo aliniuliza juzi: "Uliacha chuo ndio ukuje kupanda maua kwa mikebe?" Sawa. Wacha niwaambie kuhusu ua moja tu.

Ni dogo, rangi ya zambarau, majani yana manyoya laini. Mwaka wa 1892, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa wakoloni Wajerumani, alilipata Usambara, Tanga. Akalituma kwa babake Ujerumani. 1893, mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia. Yaani jina la familia ya baroni! Miaka ya 1920 mbegu zikafika Los Angeles, zikazalishwa, na leo watu dunia nzima wanalipanda dirishani.

Na huku? Ndugu yake anayemea msitu wa Mbololo, Taita, yuko karibu kuisha.

Wasambaa waliishi na hilo ua kabla baroni azaliwe. Jina lao halimo kwa lile la kitaalamu.

Ndio maana mimi, kabla nipige mmea picha, namuuliza kukhu: huu tunauitaje? Halafu naandika jina kwa mkebe. Ya kwenu unayajua mangapi?