Bei ya Ugeni: Safari ya Embakasi Hadi Katikati ya Nairobi

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hadi katikati ya jiji la Nairobi ni kilomita 15 hivi. Umbali huo ni uleule tangu uwanja ulipofunguliwa Embakasi mwaka wa 1958, lakini nauli yake haijapata kuwa moja. Abiria watatu walioketi safu moja ndani ya ndege wanaweza kufika Moi Avenue kwa gharama zisizokaribiana hata kidogo. Mmoja amepanda gari la nambari 34 pamoja na wafagiaji na wapakiaji mizigo wanaotoka zamu ya usiku. Mwingine amechukuliwa na gari la kampuni ya watalii alilolilipia akiwa kwao, kabla hajajua Embakasi iko upande gani. Wa tatu amekubaliana na dereva wa teksi bei iliyokadiriwa kwa kutazama viatu vyake, begi lake na jinsi anavyogeukageuka pale nje. Wanaolalamikia hali hii husema ni uholela wa kawaida wa jiji lisilojua kupanga. Sikubaliani nao. Historia ya njia hii inaonyesha mpango, tena wa muda mrefu: kila zama zilijitahidi kumfikisha mjini msafiri ambaye tayari alikuwa na mwenyeji, na asiyekuwa naye akaachwa ajitafutie njia kwa fedha zake. Nauli hiyo hufuata ugeni wa abiria kuliko inavyofuata kilomita.

Nairobi ilizaliwa na reli, iliyofika hapo mwaka wa 1899, na kwa nusu karne hivi stesheni ya gari la moshi ndiyo iliyokuwa lango la mji. Hoteli zilijipanga kulifuata lango hilo. Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, ilianzia stesheni ikaelekea kaskazini, na hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka wa 1904, ilisimama mbele kidogo ya mwisho wake. Mlowezi aliyeshuka daraja la kwanza alipata riksho na watu wa kumbebea masanduku. Mwafrika aliyeshuka daraja la tatu la treni hiyohiyo, ambaye kufikia miaka ya 1920 alilazimika kutembea na kipande chake cha kitambulisho shingoni, alikwenda kwa miguu hadi Pangani au Pumwani kumtafuta jamaa wa kumlaza. Safari zote mbili zilikuwa fupi, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeziona kuwa suala la usafiri. Lakini mgawanyo ulikuwa umekwisha kuanza: mmoja alipokewa na hoteli, mwingine na ukoo, na mji wenyewe haukumpokea yeyote.

Ndege hazikuvuruga utaratibu huo mwanzoni. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka wa 1929, na mwaka wa 1932 Imperial Airways ikaanza kutua Nairobi katika safari zake za kutoka London hadi Cape Town. Abiria walikuwa wachache na wenye mali. Safari ilichukua siku kadhaa, na tiketi ya Imperial ilijumuisha vyumba vya kulala njiani, chakula na magari ya kuwatoa uwanjani na kuwarudisha. Jambo hili husahaulika upesi: usafiri wa kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini ulianza ukiwa sehemu ya tiketi. Kampuni iliyomrusha mtu angani ilijiona ina wajibu wa kumfikisha kitandani. Viwanja vyenyewe vilikuwa karibu na mji, kile cha Nairobi West, kilichopewa jina la Wilson mwaka wa 1962, na kile cha Eastleigh, kilichohudumia ndege za jeshi la Uingereza pamoja na za abiria.

Eastleigh ndiyo iliyoshindwa kwanza. Comet, jeti ya kwanza ya abiria duniani, ilipoanza safari za Johannesburg mwaka wa 1952, ilitua Entebbe na kuiruka Nairobi, na kwa mji uliojiona kitovu cha Afrika Mashariki hilo halikuwa jambo dogo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi, na ndege nzito huhitaji kukimbia masafa marefu kabla ya kuinuka. Barabara ya kurukia ya Embakasi leo ina urefu wa mita 4,117, na ardhi tambarare ya kiasi hicho isingepatikana katikati ya nyumba. Kwa hiyo anayesema kwamba umbali uliletwa na fizikia, wala si ubaguzi, ana hoja, nami siipingi. Lakini fizikia haikuamua nani achimbe. Uwanja ulijengwa wakati wa Hali ya Hatari, na kazi kubwa ya kusawazisha ardhi ile ilifanywa na mahabusu wa Mau Mau kwa majembe, sururu na karai. Gavana Evelyn Baring aliufungua Mei 1958. Wala fizikia haikuamua nani abebe watu kutoka pale. Abiria walipelekwa mjini kwa magari ya mashirika ya ndege, kwa njia ya Mombasa Road na barabara iliyoitwa Princess Elizabeth Way, ambayo baada ya uhuru ikawa Uhuru Highway. Barabara hiyo ya mwisho, kwa kichekesho ambacho huenda hakikukusudiwa, ilipita palepale ilipokuwa imelazwa reli ya zamani kabla haijahamishwa. Desturi ya shirika kumpeleka abiria wake mjini haikufa mara moja. Hata baada ya East African Airways kusambaratika mwaka wa 1977 na Kenya Airways kuanzishwa mwaka huohuo, shirika jipya liliendelea kuwa na kituo chake Mtaa wa Koinange, ambako basi liliunganisha jiji na uwanja.

Basi la umma lilikuwepo pia, na hapa ndipo hoja ya uholela inapoporomoka. Kenya Bus Service ilianza kazi mwaka wa 1934, na nambari 34 ikawa ndiyo njia ya uwanja wa ndege. Kwa miongo mingi basi hilo liliondoka mjini, likapita makao ya wafanyakazi upande wa mashariki, likaingia Embakasi na kuishia uwanjani. Tazama njia hiyo kwenye ramani, utajua ilikatwa kwa ajili ya nani: haikunyooka, ilizunguka ili kuokota wafanyakazi. Mashine kubwa kama uwanja wa ndege haiendeshwi na marubani pekee. Ina wapishi, makarani, askari, mafundi na wasafishaji, na wote hao wanapaswa kufika kabla ya ndege ya alfajiri. Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zifanye kazi bila leseni maalumu mwaka wa 1973, na ukiritimba wa mabasi ukaanza kulegea, matatu nazo zilichukua njia na nambari hizohizo. Mgeni, kwa upande wake, aliambiwa na vitabu vya mwongozo wa safari kwamba nambari 34 ni nafuu sana, kisha sentensi iliyofuata ikamwonya kuhusu wezi wa mifukoni. Onyo hilo halikuwa uzushi. Lakini wafanyakazi elfu kadhaa walilipanda gari hilo kila siku wakiwa na mishahara yao mifukoni, na hakuna aliyewaandikia kitabu cha kuwaonya. Walichokuwa nacho wao ni ujuzi: wapi pa kushukia, begi lishikwe vipi, makanga gani ni mwongo.

Mgeni aliyekuwa na fedha lakini hana ujuzi alitengenezewa njia yake. Hilton ilifunguliwa mwaka wa 1969, mnara wa mviringo ulioonekana kutoka pande zote za jiji, na katika miaka hiyohiyo utalii ukawa nguzo ya fedha za kigeni. Kampuni kama United Touring Company zilituma magari Embakasi, na ukumbi wa wanaowasili ukapata sura yake ya kudumu: mstari wa madereva nyuma ya kizuizi, kila mmoja ameinua karatasi yenye jina la mtu asiyemjua. Jengo jipya la abiria lilipofunguliwa mwaka wa 1978, upande wa pili wa barabara ya kurukia, mstari ulihamia huko. Ile karatasi ndiyo urithi wa tiketi ya Imperial. Anayeliona jina lake hapo ameshapewa mwenyeji; amelipa, lakini amelipa mapema, kwa bei iliyoandikwa, bila kutazamwa viatu.

Hapa kuna pingamizi zito kuliko lile la fizikia. Wapo watakaosema kwamba Mkenya hakuhitaji basi la uwanja wa ndege kwa sababu hapokewi na basi. Hupokewa na watu wake. Ni kweli. Septemba 1959, vijana 81 walipopanda ndege Embakasi kwenda kusoma Marekani katika mpango aliouongoza Tom Mboya, kilikuwa kilele cha desturi ambayo ingeendelea kwa miaka mingi: ukoo mzima unaohamia uwanjani kwa magari ya kukodi, nyimbo, sala, wazee wa kanisa, na watoto wanaopelekwa kwenye baraza la kupungia ndege mikono. Mwanafunzi aliporudi na shahada, magari yalikodishwa tena. Mfanyakazi wa nyumbani anayerudi leo kutoka nchi za Ghuba usiku wa manane hungojewa na dada na binamu waliolala kwenye viti vya matatu hukohuko kwenye maegesho. Lakini pingamizi hili, likitazamwa vizuri, linathibitisha hoja yangu. Ukoo umekuwa kampuni ya usafiri ya wasio na kampuni. Gharama yake haionekani kwa kuwa imegawanywa kwa mchango, na ndiyo maana hakuna serikali iliyowahi kusukumwa na wapiga kura kuhusu usafiri huo. Anayebaki nje ni yule asiye na karatasi yenye jina wala binamu: mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kinshasa, mwanafunzi wa Bujumbura anayekuja mahojiano ya viza, Mkenya wa Turkana anayefika jiji asilolijua.

Huyo ndiye mteja wa teksi. Zamani angekutana na magari ya Kenatco, kampuni ya umma iliyojulikana kwa Mercedes zake, na baadaye na magari yenye mstari wa manjano ubavuni pamoja na yale meusi yaliyoigwa London. Bei ilipatanwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na uwanjani mwenyeji alipona kwelikweli. Hata hivyo, si haki kumfanya dereva mnyang'anyi wa hadithi hii. Alikaa foleni saa nyingi akingoja zamu, akalipia haki ya kuegesha, na mara nyingi alirudi mtupu. Aliuza ujuzi wa jiji kwa asiyekuwa nao, na bei ya ujuzi hupanda kadiri mnunuzi anavyokosa pengine pa kuununua. Uber ilipoingia Nairobi Januari 2015 haikupunguza kilomita hata moja. Ilimpa mgeni ramani na bei kabla hajafungua mdomo, na kwa hiyo ikamwondolea dereva wa zamani bidhaa aliyokuwa akiiuza. Ghadhabu iliyofuata, hadi madereva wa Uber kushambuliwa mwanzoni mwa 2016, haieleweki tukidhani ugomvi ulikuwa wa petroli na matairi.

Serikali nayo ilipoamua kuishughulikia njia hii, ilimkumbuka mgeni yuleyule aliyekwisha kukumbukwa. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, inapita kilomita 27 juu na kando ya barabara ya zamani kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mwenye gari dogo alianza kwa kulipa kati ya shilingi 120 na 360. Kwa anayelipa, foleni ya Mombasa Road imekuwa hadithi. Lakini barabara hiyo haina steji ambapo matatu ingeshusha mfanyakazi wa South B, na gari la 34 bado liko chini kwenye msongamano. Mtu atasema hata London ilichelewa: Heathrow ilianza kupokea abiria mwaka wa 1946 na treni ya chini ya ardhi haikuifikia hadi 1977. Sawa, lakini treni ile ilipofika iliwabeba wabeba mizigo na mabalozi katika mabehewa mamoja. Gautrain ya Johannesburg, iliyofika uwanja wa O.R. Tambo mwaka wa 2010, ina kasi ya kusifika, ila nauli yake imewaacha wengi wa wafanyakazi wa uwanja huo kwenye teksi zao za kawaida. Kwa hiyo reli peke yake si dawa. Inategemea ilikatwa kwa ajili ya nani, kama ilivyokuwa kwa nambari 34.

Kenya ilijenga stesheni ya Syokimau, isiyo mbali na uwanja wa ndege, mwaka wa 2012, na tawi la kuingia uwanjani likapangwa, ila halijajengwa. Badala yake, mwaka wa 2017 reli mpya ya SGR kutoka Mombasa ilikuja kuishia hapohapo Syokimau. Tokeo lake halikuzungumzwa vya kutosha. Abiria wa treni ya zamani ya usiku aliamkia katikati ya jiji, akavuka barabara chache na kuingia gesti ya River Road kwa miguu, begi begani. Wa sasa hushukia nje ya mji kama abiria wa ndege, naye hulakiwa na sauti zilezile za wenye teksi. Tofauti ni kwamba Shirika la Reli liliweka treni ndogo inayongoja ile ya Mombasa na kuwapeleka abiria hadi stesheni ya zamani, kwa ratiba iliyooanishwa na saa ya kuwasili na nauli iliyobandikwa dirishani, moja kwa wote.