Masoko ya utabiri na mapigano ya MMA: nani anapoteza pesa wakati mwingine anajua siri?

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2025, kampuni ya TKO, ambayo ndiyo mwenye UFC, ilitangaza mkataba na Polymarket. UFC ni shirika kubwa zaidi duniani la mapigano ya MMA, yale yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka. Polymarket ni soko la utabiri la Marekani: watu wanauziana pale hisa za jambo ambalo bado halijatokea. Kwa mkataba huo, soko la namna hii liliingia rasmi ndani ya ulingo wa UFC. Habari hii ina historia ndefu, na sehemu yake moja inapita Kinshasa.

Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, kwenye uwanja wa 20 Mai ambao leo unaitwa Tata Raphaël, Muhammad Ali alipigana na George Foreman. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25. Foreman alikuwa amewaangusha Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja ndani ya raundi mbili tu. Kwa hiyo kule Marekani wacheza pari wengi walimuona Foreman kuwa mshindi kabla hata ya kengele kulia. Katika raundi ya nane Ali alimlaza chini. Raia wa Kinshasa walioimba jina lake usiku ule hawakuwa na hesabu yoyote ya pari, lakini walikuwa upande wa mshindi.

Wakati ule pari ya michezo iliyoruhusiwa na sheria Marekani ilipatikana hasa katika jimbo la Nevada. Kampuni ya pari inapanga bei yenyewe, inapokea pesa za wateja, na mteja akishinda, kampuni ndiyo inalipa. Faida yake imefichwa ndani ya bei. UFC ilipoanza mjini Denver tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 1993, kupanga bei kulikuwa kazi ngumu. Royce Gracie wa Brazil, mtu mwembamba kuliko wapinzani wake, alishinda mapigano matatu usiku mmoja kwa kuwakaba na kuwafanya wasalimu amri.

Njia ya pili ilizaliwa Uingereza. Mwaka 2000 Andrew Black na Edward Wray walianzisha Betfair. Hapo kampuni haipangi bei. Mtu mmoja anasema mpiganaji fulani atashinda, mwingine anasema hapana, na Betfair inawakutanisha na kukata kiasi kidogo kwenye faida ya mshindi. Tangu mwaka 1988, chuo kikuu cha Iowa huko Marekani kilikuwa na soko dogo la namna hiyo, lililoanza na uchaguzi wa rais. Intrade, ya Ireland, ilipanua wazo hilo, lakini mwaka 2012 serikali ya Marekani iliishtaki, na mwaka 2013 ikafunga milango.

Masoko ya leo yanafuata nyayo hizo. Hisa moja inalipa dola 1 kama jambo likitokea, na inalipa sufuri lisipotokea. Hisa ya mpiganaji ikiuzwa kwa senti 30, maana yake soko linampa nafasi ya asilimia 30 hivi. Mwenye kununua hisa 100 anatoa dola 30. Mtu wake akishinda anapata dola 100, akishindwa dola 30 zimekwenda. Na anaweza kuuza hisa zake kabla pambano halijaisha, bei ikiwa imepanda.

Masoko mawili makubwa hayafanani. Kalshi ilipata kibali cha tume ya serikali kuu ya Marekani mwaka 2020, inatumia dola za kawaida, na ilianza hisa za michezo mwanzoni mwa 2025. Majimbo kadhaa, likiwemo Nevada, yanasema hiyo ni pari tupu chini ya jina jingine. Polymarket, iliyoanzishwa na Shayne Coplan mwaka 2020, ilijengwa juu ya sarafu za dijitali. Mwaka 2022 tume hiyo hiyo iliitoza faini ya dola milioni 1,4, nayo ikawafungia Wamarekani mlango kwa miaka kadhaa. Hata mwamuzi wa mzozo ni tofauti: Kalshi inaamua yenyewe kwa kufuata sheria za hisa, lakini Polymarket imezoea kuwaachia kura watu wenye sarafu fulani ya dijitali.

Jambo la uamuzi si dogo katika MMA. Tarehe 29 mwezi wa saba 2017 Jon Jones alimpiga Daniel Cormier mjini Anaheim, California. Wiki chache baadaye vipimo vilionyesha dawa iliyokatazwa, na tume ya California ikafuta ushindi ule. Mwenye kununua hisa bila kusoma sheria zake hajui atalipwa kwa matokeo ya usiku ule au kwa yale ya baadaye.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote inaonekana mtu mmoja anapojua siri. Mpira una wachezaji 22 uwanjani. Pambano lina wawili, na mguu mmoja wenye jeraha unatosha kugeuza yote. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 2022, mjini Las Vegas, Darrick Minner alipigana bila kuwaambia viongozi kwamba alikuwa ameumia. Saa chache kabla, bei ilikuwa imegeuka kwa nguvu dhidi yake, na alipigwa katika raundi ya kwanza. Tume ya Nevada ilimsimamisha pamoja na mwalimu wake, James Krause. Jimbo la Ontario, Kanada, lilikataza kwa muda pari zote za UFC.

Katika kampuni ya pari, pesa inayoliwa na mwenye siri inatoka mfukoni mwa kampuni. Ndiyo maana kampuni hizo huwa za kwanza kupiga kelele. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 2025, siku chache kabla ya mkataba wa Polymarket kutangazwa, bei ya pambano jingine la Las Vegas iligeuka ghafla. Kampuni moja ya pari iliwarudishia wateja wake pesa zao, na UFC ikaachana na mpiganaji aliyeshindwa.

Katika soko la utabiri, mwenye siri anauziana na raia mwenzake. Soko linakata ada yake, na pesa ya aliyepoteza inakuwa imekwisha kwenda kwa mtu asiyemjua. Watetezi wa masoko haya wanasema bei inafunua ukweli haraka. Inawezekana. Lakini ukweli huo unalipiwa na mtu, na mara nyingi ni yule aliyeona hisa za bei rahisi akafikiri amepata bahati.