Benki Zilipofunga Milango: Kosa la Kutotimiza Wajibu

Tarehe 11 Desemba 1930 benki moja ya New York, iliyoitwa Bank of United States, ilifunga milango yake. Licha ya jina hilo, haikuwa mali ya serikali. Miongoni mwa wateja wake takriban 400,000 walikuwamo wahamiaji wengi wenye akiba ndogo. Mabenki makubwa ya jiji yalikuwa yameombwa kuiokoa, yakakataa.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Benki haifungii amana zote sandukuni. Hubakiza sehemu na nyingine huikopesha. Wateja wote wakija siku moja, hata benki imara hutikisika. Hofu ilipoenea, watu walificha fedha majumbani, nazo benki zikadai madeni na kupunguza mikopo. Kati ya mwaka 1929 na 1933 ujazi wa fedha nchini Marekani ulipungua kwa takriban theluthi moja. Bei za mazao zikaanguka, lakini deni la mkulima likabaki vilevile.

Benki Kuu ya nchi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1913, hasa ili kuzuia hofu ya namna hiyo. Hata hivyo, Oktoba 1931, baada ya Uingereza kuacha kufungamanisha fedha yake na dhahabu, ilipandisha riba kutoka asilimia 1.5 hadi 3.5 ili dhahabu isitoke. Dhahabu ililindwa, wenye amana wakaachwa. Benki zipatazo 9,000 zilianguka kati ya 1930 na 1933, na mfanyakazi mmoja kati ya wanne akakosa kazi.

Machi 1933 Rais Franklin Roosevelt alizifunga benki zote kwa siku chache, kisha zikafunguliwa zile zilizoonekana salama. Januari 1934 ilianza bima ya amana, hadi dola 2,500 kwa kila mteja. Mwaka huo zilianguka benki 9 tu miongoni mwa zenye bima.

Mwaka 1931 Papa Pius XI, katika waraka Quadragesimo Anno, alionya juu ya mamlaka ya fedha na mikopo kukusanyika mikononi mwa wachache. Hapa tunaona kwa nini. Wengi wa waliokuwa na uwezo wa kuokoa hawakuiba kitu, walitazama tu. Kutotimiza wajibu nako kuna waathirika wake. Basi kila aliyekabidhiwa akiba ya wenzake, hata ya kikundi kidogo, ajiulize: siku ya hofu nitalinda nini kwanza, sanduku au watu?