Pesa ya dhahabu ya Namoya: vijana wa Salamabila wanapata nini kisheria?

Salamabila iko mu teritware ya Kabambare, jimbo la Maniema, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya. Mtoto wa hapa anakua akiona dhahabu ikitoka. Akikosa pesa ya shule, na yeye anashuka mu shimo na nyundo na tochi. Wengine walishika njia ya pori, wakaingia mu vikundi vya silaha.

Katiba ya 2006, kifungu cha 42, inalazimisha serikali kulinda afya, elimu na maendeleo ya vijana. Kifungu cha 43 kinasema shule ya msingi ya serikali ni bure. Hiyo ya bure ilianza kutekelezwa nchi nzima Septemba 2019, miaka 13 baadaye! Sekondari ingali ya kulipia, na njo pale wengi wanaachia masomo njiani.

Sasa pesa itoke wapi? Sheria ya madini yenye kurekebishwa Machi 2018 ina jibu, ijapokuwa watu wachache wanaijua. Kampuni yenye kuchimba dhahabu inalipa ushuru wa 3.5% ya thamani ya mali yake. Tuchukue mfano wa dhahabu ya dola 1,000,000. Ushuru wake ni dola 35,000. Serikali ya Kinshasa inachukua nusu, dola 17,500. Jimbo linapata 25%, ni kusema dola 8,750. Sekta yenye mgodi inapata 15%, dola 5,250. Dola 3,500 zenye kubaki, ndiyo 10%, zinaingia mu mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Wazo ni zuri: dhahabu itaisha siku moja, na mtoto ambaye hajazaliwa pia ana haki yake.

Ile sehemu ya sekta haipite Kinshasa kwanza. Kampuni inaiweka moja kwa moja mu konti ya sekta, na sheria inataka ijenge vitu vya faida kwa wote, kama vile shule, maji, kituo cha afya. Zaidi ya ushuru, kampuni inatoa 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii ya karibu na mgodi. Kwa mfano wetu ni dola 3,000. Wajumbe wa jamii wanakaa mu kamati ya kusimamia pesa hiyo, na hapo vijana wana haki ya kudai kiti.

Lakini mgodi ukisimama, hakuna mauzo, hakuna ushuru. Namoya ilianza uzalishaji wa biashara mwaka 2016 chini ya kampuni Banro ya Kanada. Mwaka 2019 kazi ilisimama kwa sababu ya usalama mdogo. Kwa hiyo bunduki zinafunga mgodi, shule inakosa pesa, na kijana asiye na shule anatafutwa na wenye bunduki.

Mwaka 2021 serikali iliunda programu P-DDRCS kwa kuwarudisha wapiganaji mu maisha ya kiraia. Kijana mwenye kuacha silaha anahitaji ufundi haraka: useremala, ushonaji, mekanika ya pikipiki. Akikaa miezi bure akingojea, pori haliko mbali.

Kwa wenye kutaka kufuatilia, swali la kwanza linaulizwa ku ofisi ya sekta: mwaka huu konti ilipokea ngapi, na ilijenga nini?