Chanjo Ndani ya Chakula: Ilikuwaje?

Siku ya mgao utasikia tu kwenye foleni: "Huu unga wametia chanjo." Vijana wananiuliza, na mimi siwacheki, maana kweli kuna wataalamu waliotaka chanjo iliwe kama chakula. Hawakufika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa mimea wa Marekani, Charles Arntzen, alifikiria nchi maskini. Chanjo nyingi zinataka barafu, sindano na muuguzi. Je, mmea ukipewa jeni ya kijidudu, ile ya kipande kisicholeta ugonjwa, si utakitengeneza wenyewe shambani? Mtoto ale ndizi, basi, amechanjwa.

Mwaka 1992 yeye na wenzake walionyesha kwamba tumbaku inaweza kutengeneza protini ya virusi vya homa ya ini B. Mwaka 1998 yakatoka matokeo ya viazi vyenye jeni ya bakteria wa kuhara. Watu 11 waliojitolea walivila vibichi, kwa sababu moto huharibu protini. Kwa watu 10 kati yao, kinga katika damu ilipanda.

Shida ikaja kwenye kipimo. Ndizi mbili hazilingani, na watoto wawili hawali sawa. Dawa haigawiwi kwa kukadiria. Basi wazo la chakula likarudi nyuma, mmea ukawa kiwanda: majani yanavunwa, protini inatolewa, inasafishwa, inatiwa kwenye chupa. Mwaka 2022 Kanada iliidhinisha chanjo ya Covid-19 ya kampuni ya Medicago, iliyotoka kwenye mmea wa jamii ya tumbaku. Lakini ilikuwa ya sindano, na ilitaka friji vilevile! WHO haikuikubali kwa sababu kampuni ya sigara, Philip Morris, ilikuwa na hisa humo. Mwaka 2023 wenye Medicago wakatangaza kuifunga.

Kwa hiyo jibu la foleni ni hili: hadi leo hakuna chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa ya kula ndani ya chakula. Hata matone ya polio, mtoto anatiwa mdomoni mbele ya macho yako.

Na ninyi ndugu wa mashirika, msiseme tu "ni uvumi" mkapita. Kaeni, elezeni. Anayekula asichokilima ana haki ya kuuliza kina nini.