Barabara ya Milimani Iliyorudi Ilikotoka



Msafiri atokaye Uvira kwenda Fizi kwa baiskeli huikuta Barabara ya Taifa Namba 5 katika sura mbili. Kwanza hufuata ufuo wa Ziwa Tanganyika, akipita Makobola na Mboko hadi Baraka, ziwa likiwa mkono wake wa kushoto na milima mkono wa kulia. Akishaiacha Baraka, barabara huugeukia mlima na kuanza kupanda kuelekea Fizi. Wanaosukuma baiskeli zilizosheheni mihogo, mawese na ndagala wanaijua hesabu ya njia hiyo: nguvu iliyotapanywa ufuoni hudaiwa mlimani.

Tarehe 17 Mei 2022, huko Italia, njia ya sura hiyohiyo iliamua mashindano makubwa. Waandaaji wa Giro d'Italia walikuwa wamepanga hatua ya kilomita 196 kutoka Pescara hadi Jesi. Sehemu ya kwanza ilikuwa tambarare, kando ya Bahari ya Adria; sehemu ya pili ilipanda na kushuka bila kupumzika katika vilima vya mkoa wa Marche. Aliyefika wa kwanza, akimshinda Mholanzi Mathieu van der Poel, alikuwa Biniam Girmay, kijana wa miaka 22 kutoka Eritrea. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hatua ya mojawapo ya mashindano matatu makuu ya baiskeli ya Ulaya kabla yake. Ili tuuelewe uzito wa ushindi huo, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Waitalia waliitwaa bandari ya Massawa mwaka 1885, na mwaka 1890 wakaitangaza Eritrea kuwa koloni lao. Baadaye walifanya makao makuu yao Asmara, mji ulio juu ya uwanda wa milima, yapata mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Massawa na Asmara kuna barabara ya kilomita zipatazo 115. Tukigawanya, tunaona kwamba kila kilomita hupanda mita 20 kwa wastani. Lakini wastani huo hudanganya, kwa kuwa karibu na pwani nchi ni tambarare, na deni lote hulipwa katika kona za mlimani.

Pamoja na barabara, wakoloni walileta baiskeli na desturi ya kwao ya kushindana. Waeritrea waliitumia baiskeli kwa kwenda kazini na kubeba mizigo, lakini vyama na mashindano vilikuwa vya wazungu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kifashisti uliweka sheria za kuwatenga watu kwa rangi, zikijengwa juu ya dai kwamba Mwafrika ni kiumbe duni. Mwaka 1939 Waeritrea waliruhusiwa kushindana na Waitalia, na mshindi akawa Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Dai lililoandikwa katika sheria lilikanushwa barabarani, mbele ya macho ya walioliandika.

Waingereza waliwaondoa Waitalia mwaka 1941, na mwaka 1946 yakafanyika mashindano ya kwanza ya kuizunguka Eritrea. Kisha zikaja siku ngumu: muungano na Ethiopia mwaka 1952, vita vya ukombozi kuanzia 1961 hadi 1991, na uhuru mwaka 1993. Mwaka 2001 mashindano ya kuizunguka nchi yalifufuliwa. Girmay, aliyezaliwa Asmara mwaka 2000, alikulia katika mji ambamo baiskeli haikuwa tena kitu cha mgeni. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France, ya kwanza kati yake ikiishia Turin, Italia, akavaa jezi ya kijani hadi mwisho. Kilichotoka Italia kwa njia ya kutawala kilirudi Italia kwa njia ya heshima.

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Ushindi wa mmoja haukurudisha yaliyoporwa na ukoloni, wala haujawazuia vijana wengi wa Eritrea kuikimbia nchi yao. Lakini unatuonyesha kwamba kitu kilicholetwa na mwenye nguvu kinaweza kuwa mali halali ya aliyedharauliwa, endapo atakishika kwa bidii ya vizazi.

Unatufundisha pia namna ya kupanga safari ya milimani. Anayepanga mzunguko huuliza kwanza mlima uko wapi: ukiwa mwanzoni, utawatawanya watu mapema; ukiwa mwishoni, utamwadhibu aliyejivuna kwenye tambarare. Huuliza maji yanapatikana wapi, na jua litakuwa wapi saa ya kupanda. Tena huupima mwendo kwa uwezo wa aliye dhaifu, ikiwa nia ni kundi lote lifike.

Zaidi ya hayo yote, mzunguko una sharti moja: anayeondoka awe na hakika ya kurudi. Hapa Fizi tunajua maana ya sharti hilo. Kwa maelfu ya jamaa zetu, vita vya mwaka 1996 na vya 1998 viliigeuza barabara hii na ziwa hili kuwa njia ya kwenda tu, hadi kambi ya Nyarugusu ng'ambo ya pili, Tanzania. Watoto wamezaliwa na kukua huko bila kuiona Mboko. Kwa hiyo siku vijana wa Mboko watakapoweza kupanga mzunguko wa milimani, wakaondoka alfajiri na kurudi jioni bila kuuliza nani ameshika njia, hautakuwa mchezo tu. Utakuwa ushahidi kwamba amani imefika.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni kitu gani kililetwa kwetu na wageni, nasi tumekifanya kuwa chetu kwa kazi ya mikono yetu?

2. Tunapopanga shughuli za kikundi, je, mwendo wetu unapimwa kwa mwenye nguvu au kwa anayebaki nyuma?

3. Kila mmoja wetu anaweza kufanya nini ili barabara yetu iwe tena njia ya kwenda na kurudi?