Herufi U Katika Orodha ya Nyota

Toka Bugomora, katika nyanda za Karagwe na Kyerwa, hadi Ghuba ya Ungwana jirani na Malindi, ni mwendo mrefu kwa anayesafiri nchi kavu. Baina ya 1970 na 1973 palikuwapo chombo kilichoukata mwendo huo kwa dakika chache, kikizunguka dunia pasipo kutoka nje ya nyuzi 3 kaskazini na kusini ya Ikweta. Jina lake Uhuru.

Setilaiti hiyo ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Kitaliano la San Marco, lililosimama ndani ya bahari ya Kenya, tarehe 12 Disemba 1970, siku nchi hiyo ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala. Katika madaftari ya wenyewe iliitwa SAS-1, lakini jina la Kiswahili ndilo lililodumu.

Kazi yake ilikuwa kutafuta vimulimuli vya eksirei, mionzi ambayo hewa huizuia isitufikie. Ilibeba vipokezi viwili vilivyopeana mgongo, kimoja chenye dirisha jembamba, kingine pana. Ilijizungusha taratibu, mara moja kwa takriban dakika 12, na madirisha yakaifagia mbingu. Pamoja nayo yaliwekwa macho ya kuzitambua nyota zinazojulikana. Ugumu wote ulikuwa katika kulinganisha macho na madirisha. Kila nahodha anajua kuwa dira iliyopinda kidogo humfikisha bandari isiyo yake. Vivyo hivyo macho yangepinda, kimulimuli kingepewa anwani ya nyota nyingine.

Orodha ya nne, iliyotolewa 1978, ina vimulimuli 339, na majina yao huanza kwa 4U. U hiyo ni ya Uhuru.

Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nusu ya pili waligawana Raymond Davis na Masatoshi Koshiba, walionasa neutrino kutoka angani, chembe ambazo hadi leo mizani imeweza kusema tu uzito zisiouzidi.

Pwani ilitoa bahari na jina. Elimu ikaandikwa kwa lugha nyingine. Hata hivyo mwanafunzi wa Bugomora akiifungua orodha ile, atahitaji mkalimani wa kila kitu isipokuwa herufi moja.